Gigmai, Mtunza Mashine ya Pumzi

Gigmai ni mdogo wa mume wangu, kwa hiyo namjua kuliko anavyopenda. Analima kahawa ng'ambo ya mto, anafuga nguruwe wakorofi, na tumbaku anapanda mwenyewe nyuma ya nyumba, anaisokota kwa gazeti na kuivuta tangu anapoamka. Ni mpole, mkaidi, na mikono yake ina ufundi. Redio ya kanisa ikifa, anaitwa yeye.

Ndiyo maana watu wa utafiti walipofika kituo chetu cha afya kutafuta mtunza mashine, jina lake lilitajwa. Utafiti wenyewe haukuwa mgumu kuuelewa. Huku kwetu Simbu, mkoa wa milimani, watoto wachanga wanakufa kwa mapafu. Wengine wanazaliwa kabla ya wakati, mapafu hayajakomaa. Wengine nimonia inawakuta kwenye baridi. Mitungi ya oksijeni inatoka mbali, na barabara yetu mvua ikinyesha si barabara tena. Sasa ilikuwapo mashine inayovuta hewa hii hii ya bure, inaichuja, inatoa oksijeni, na inakula umeme wa jua. Walitaka kujua kama vituo vidogo vikipewa mashine hizo watoto watapona zaidi. Kazi ya Gigmai ni kupangusa paneli juu ya paa, kuangalia betri na kuosha chujio.

Mkubwa wa utafiti, Daktari Tapari, mtu wa mkoa wa Hela, milimani kama sisi, alimpeleka Gigmai kumwonyesha mahali pa mashine: chumba cha kuzalia, kwenye kona, jirani na kitanda cha wachanga. Gigmai alifika mlangoni akasimama.

"Humo siingii."

"Kwa nini?"

"Daktari, na wewe si mtu wa milimani? Baba yako hakukufundisha?"

Alikuwa amemfundisha. Kwetu mwanamume hakanyagi mahali wanawake wanapozalia. Damu ile inamshika kifuani: pumzi zinakuwa fupi, ngozi inapauka, anakohoa mpaka anakwisha. Madaktari wanaume wanaingia, ndiyo, lakini watu wanasema hao wana dawa zao wanazomeza kwa siri.

Gigmai akaja na shauri. Atatoboa ukuta, atajenga kibanda cha matete kwa nje, mashine ikae humo, na mrija upite kwenye tundu mpaka puani kwa mtoto. Muuguzi wetu, Sista Geua, alifurahi kwa sababu mashine ile inanguruma kama nguruwe aliyenyimwa viazi. Daktari akaupima mrija, akaona unatosha, akakubali. Kila mtu akasema Gigmai ana kichwa.

Na kweli kibanda kilifanya kazi, mpaka mvua zilipoanza. Baridi ikashuka, Gigmai akawasha moto katikati ya kibanda, kama anavyofanya mtu yeyote mwenye akili timamu ndani ya nyumba. Akawa anashinda humo akichoma viazi vitamu na kuvuta tumbaku. Waliokuja kusubiri wagonjwa wakaingia kuota moto. Mimi ninayeuza maandazi getini niliingia pia. Sista Geua hakuwahi kuzunguka nyuma. Ni mtu wa pwani, matope yetu anayaona kama adui. Kwetu nyumba isiyo na moshi ni nyumba isiyo na watu, hivyo hakuna aliyejiuliza mashine inavuta nini.

Asubuhi moja ya mvua Mogia, mkwe wa Gigmai, mke wa mwanawe Bruno, alijifungua kabla ya wakati. Mimi ndiye nilikuwa naye. Mtoto wa kiume, mdogo, kila akivuta pumzi mbavu zinazama ndani, naye anaguna kama mzee anayepanda kilima. Sista akamwekea mrija puani, akamfunga mguuni kipimo cha oksijeni. Rangi ikarudi. Gigmai akauliza kupitia tundu, "Ni mwanamume?" Akaambiwa ndiyo. Tukasikia anachochea moto kwa furaha.

Mchana namba ya kipimo ikaanza kushuka.

"Gigmai!" Sista aliita. "Umeizima?"

"Si unaisikia inanguruma?"

"Inanguruma bure! Mtoto anabadilika rangi huku."

"Ongeza."

"Nimeongeza mpaka mwisho!" Akauchomoa mrija puani kwa mtoto, akaunusa. "Mungu wangu. Unanuka moshi. Umewasha moto humo?"

"Sasa nikae na baridi?"

Sista alishika mpira wa kupumulisha, akamwekea mtoto barakoa, akaanza kuminya polepole. "Mikono yangu haitoki hapa," akaniambia. "Chujio jipya limo kabatini. Hiyo mashine iingie humu, kwenye hewa safi, sasa hivi."

Nikazunguka nyuma kwenye matope. Kibandani taa nyekundu ya mashine ilikuwa inawaka, na Gigmai ameshika chujio mkononi, jeusi kama tako la sufuria.

"Nililiosha juzi tu," alisema.

"Beba mashine uingize ndani."

"Shemeji, ibebe wewe."

"Kubeba nitabeba, kuni zangu ni nzito kuliko hiyo. Na nyaya za betri nifunge mimi? Unataka nituunguze wote?"

"Nitakuelekeza hapa tunduni."

"Utanielekeza mpaka tumzike? Anayekata roho humo ni mjukuu wako, si wa kwangu. Chagua unaogopa pumzi ya nani."

Alinitazama kwa namna ambayo, kama si mvua, tungegombana. Kisha akatoa kipande cha tangawizi mfukoni, akatafuna, akajitemea kifuani, kinga ya wazee dhidi ya damu ile. Akaitupa mashine begani, akazunguka, akaingia.

Sakafu haikuwa imepigwa deki bado. Aliiona damu. Akakanyaga pembeni, akakosa pa kukanyaga, akakanyaga hapo hapo. Mogia akajifunika uso kwa khanga yake ya maua, aibu ya mkwe.

"Baba, usinitazame."

"Sikutazami. Natazama nyaya."

Akavuta nyaya kupitia tundu, akafunga, akatia chujio jipya. Taa ikabaki nyekundu. Ilisikika mashine tu, na ule mpira ukiminywa. Sista alikuwa bado anahesabu pumzi taa ilipobadilika kuwa kijani. Akarudisha mrija, akasubiri, akautazama mguu wa mtoto. Namba ikapanda polepole.

Gigmai akatoka, akaenda mtoni na mvua ile ile, akajisugua kwa majani mpaka ngozi ikawaka.

Haikumsaidia. Kwenye nyumba ya wanaume, wanakokula na kulala pamoja, habari ilitangulia kufika. Mume wangu, Kawagle, kaka yake wa tumbo moja, alimwambia, "Kaa hapo hapo mlangoni. Chakula chako utawekewa peke yako, kwenye jani lako." Akakaa. Tangu hapo akikohoa, wanatazamana. Mimi nilisema huyu alikuwa anakohoa kabla Bruno hajazaliwa. Nikaambiwa niende nikakaange maandazi.

Daktari Tapari alipokuja alikiangusha kibanda kwa mikono yake, na alikuwa na hasira, nyingine ya kujikasirikia mwenyewe, maana ndiye aliyekikubali. Akasema mashine haitoki ndani tena: ama Gigmai anaingia, ama atafutwe mwingine. Kisha akampulizisha kwenye kifaa cha kupimia mapafu. Akaangalia, akatikisa kichwa.

"Mapafu haya ni ya mtu mwenye umri wa baba yako."

Gigmai akapauka. "Ni siku ile."

"Siku moja haifanyi hivi. Ni moshi na hilo gazeti unalovuta, miaka yote."

"Unajuaje? Ulinipima kabla sijaingia?"

Daktari hakuwa amempima. Mtoto tu ndiye aliyekuwa anapimwa.

"Basi nipime kuanzia leo," Gigmai alisema. "Nitaingia kila siku. Utarudi unipime tena. Si ndivyo mnavyofanya?"

"Ndivyo. Ila uache tumbaku."

"Nikiacha, tutajuaje ni kipi?"

"Usipoacha utakufa kabla sijarudi, na hatutajua chochote."

Akaacha. Miezi ya kwanza alikuwa hafai kuongea naye, hata nguruwe walimkimbia. Kila asubuhi anatafuna tangawizi, anaingia chumba kile, anasafisha chujio, anatoka bila kutazama vitanda. Mjukuu yuko nyumbani, mamaye anambeba mgongoni ndani ya mfuko wa kamba, ananenepa. Watoto wengine wameutumia mrija ule baada yake. Wengi wamekwenda nyumbani, wachache hawakwenda.

Juzi Daktari amempulizisha tena. Akasema nguvu ya mapafu haijashuka, labda imepanda kidogo, asingependa kuapa. Gigmai akaenda nyumba ya wanaume na habari hiyo. Kawagle akasikiliza mpaka mwisho, akasema ugonjwa ule huwa hauna haraka, wangoje mwaka mwingine.

"Tungoje," Gigmai alisema, akaketi mlangoni, akalisogeza karibu jani lake la chakula.