Michi Miwili ya Kambi ya Panda

Shangazi yangu Philomène alikuwa mwoga, na hakuona aibu kulisema. Aliogopa radi, aliogopa mbwa, aliogopa hata baiskeli ikimpita kwa nyuma. Ndiyo maana nilipoambiwa kwamba mwaka 1961 alimficha mtu chumbani mwake siku kumi na moja, nilicheka. Nikamwendea kumuuliza. Yeye hakucheka.

Alikuwa mjane, akiishi peke yake katika kambi ya wafanyakazi wa migodi ya Panda, na mwanawe Urbain alikuwa shuleni Mulungwishi. Kazi yake ilikuwa kuoka mkate. Tanuri lake lilikuwa kichuguu nyuma ya nyumba, kilichochimbwa tumbo. Aliwasha kuni humo, akakomba makaa, akapanga mikate na kuziba mdomo kwa bati. Septemba ile risasi zilipoanza kulia mjini, mashini ya kusaga ilifungwa na unga wa ngano ukaadimika. Akawa anatwanga mahindi mwenyewe, anachekecha mpaka yalainike, kisha anachanganya na ngano kidogo. Mkate ulikuwa mzito kama tofali, lakini majirani waliula.

Mtu mwenyewe alikuwa Marceline, rafiki yake, mama wa Kasai. Watu wa Kasai, walioitwa wageni na maadui wa jimbo lililojitenga, walikuwa wakisakwa na askari nyumba kwa nyumba. Mumewe alikwisha kukimbilia Elisabethville, naye Marceline homa ilimzuia njiani, akaishia kwa shangazi. Padri mmoja aliahidi kumchukua kwa lori, ila hakusema siku.

Marceline alilelewa vizuri, na hapo ndipo balaa ilipoingia. Mwanamke hakai amekunja mikono mwenzake akitwanga. Asubuhi ya siku ya kumi, homa ilipomwacha, alichukua mchi wa pili, na kabla hawajafikiri walikuwa wanapokezana, mmoja akipandisha, mwingine akishusha. Askari wawili waliokuwa wakipita uchochoroni wakasimama.

Marceline aliwahi kujitupa chini ya kitanda. Mchi wake ulibaki umelala sakafuni.

Mkubwa wa wale askari aliingia taratibu. Alikuwa na adabu, na adabu ile ndiyo iliyomwogopesha shangazi zaidi.

"Mama, nani alikuwa anatwanga na weye?"

Shangazi alisema jirani, ameenda kuteka maji. Askari akavuta kigoda, akasema basi watamngoja. Mwenzake akaanza kuchungulia pazia la chumbani.

Jirani wa karibu aliyekuwapo ni mmoja, Delphine, aliyetenganishwa naye na ukuta tu, na walikuwa hawasemeshani tangu kuku wa Delphine walipodonoa kinyunya cha mkate. Tena Delphine ndiye aliyesema bombani, mbele ya watu, kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Kwa hiyo alipotokea mlangoni na ndoo kichwani, shangazi alijua yamekwisha.

Delphine aliwasalimu askari. Akatua ndoo, akaokota mchi, akaanza kutwanga. Shangazi akapokea, akakosea, akapokea tena. Askari walisikiliza kidogo, wakaomba mkate wa jana, wakaondoka.

Ndipo Delphine alipousimamisha mchi.

"Mama Urbain, tangu asubuhi niko nasikia michi mbili. Na mutu wa kukohoa niko namusikia tangu juma ingine. Miye iko na batoto ine. Aende."

Lori lilikuja kesho yake adhuhuri. Marceline alilala chini ya magunia ya makaa, na mpaka leo hakuna aliyeleta habari kwamba alifika.

Asubuhi baada ya lori kuondoka, Delphine alikuja tena, akachukua mchi. Alisema mchi ukisikika mmoja, watu watauliza mwenye mchi wa pili amekwenda wapi. Akaja kila asubuhi mpaka vita vilipokwisha, na hawakuzungumza. Shangazi aliniambia hakuna mtu ambaye yeye alipata kumwogopa maishani kama alivyomwogopa mwanamke yule aliyesimama mbele yake akijua kila kitu. Na siku Delphine alipochelewa, aliogopa zaidi.