Mkanda wa Feni Namba Tatu

Stumai alitoka Singida kuja Mang'ola kung'oa vitunguu, na kwenye daftari la shamba ndivyo alivyoandikwa mpaka leo: kibarua, kung'oa. Kitunguu chake cha mwisho aliking'oa miaka kumi na mmoja iliyopita. Siku hiyo fundi kutoka Arusha alikuwa anafunga feni tatu kubwa kwenye ukuta wa ghala, akataka mtu wa kumshikia uzi, aone kama puli ya mota na puli ya feni zimekaa mstari mmoja. Yule fundi macho yalikuwa mabovu na miwani hataki. Stumai akawa anamwambia, "Ya juu imetoka nje kidogo," na kila mara ilikuwa kweli. Jioni fundi akapanda lori la vitunguu akaenda zake, akasahau spana, bomba la grisi na ule uzi. Hakurudi kuvichukua.

Basi Stumai akawa fundi, kwa sababu hakukuwa na mwingine. Alijua kubonyeza mkanda kwa kidole gumba: ukizama sana umelegea, ukigoma kuzama utamaliza beringi. Alikuwa akila ugali anaweka tonge chini, anasema, "Namba mbili inalia," anainuka na grisi yake. Bila zile feni vitunguu vinapata joto, vinaota, vinaoza, na shamba zima linanuka hadi barabarani. Lakini karatasi ya kusema yeye ni fundi hakuwa nayo, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Meneja mpya, Fredrick, alikuwa mtu wa karatasi. Kitu kisichoandikwa kwake hakipo. Stumai alipomwomba barua ya ufundi, alimtazama kama mtu aliyeombwa figo.

"Siku thelathini," alisema. "Feni yoyote isisimame zaidi ya saa moja, ukiondoa umeme kukatika. Ukifika, nakuandikia. Usipofika, unarudi shambani na mimi natafuta mwenye cheti."

Akatengeneza na fomu. Sababu ya feni kusimama: (a) umeme, (b) mkanda kukatika, (c) mota kuungua, (d) nyingine, eleza.

Siku ya ishirini na nane, saa nane mchana, mkanda wa namba tatu ukakatika. Stumai alikimbilia stoo, akakuta mikanda ya akiba iliyoletwa na meneja mwenyewe ni ya mashine ya kusaga, myembamba kama kamba ya viatu. Alisimama pale na mkanda wa kinu mkononi, akaona shamba la vitunguu linamwita kwa jina.

Aliyemwokoa ni Metui, mlinzi, mzee wa Kimasai kutoka Nainokanoka. Alikuwa na ngozi ya fahali aliyemlea mwenyewe, kaitunza miaka, hailalii wala haiuzi. Alimsikiliza Stumai, akaitazama feni, akatoa kisu. Wakakata ukanda mrefu, wakaushona kwa waya, wakauvalisha kwenye puli. Dakika hamsini na mbili. Ilibidi waondoe kava la kufunika mkanda, maana ngozi ilikuwa nene, lakini feni ilizunguka, na ghala likaanza kunuka nyama choma.

"Usiuguse," Stumai alimwambia Metui. "Ukavu wake ndio unaoshika puli."

"Sawa, dada," alijibu Metui, na nia yake ilikuwa njema kabisa. Lakini kwao ngozi isiyopakwa mafuta inapasuka, mtoto mdogo anajua. Giza lilipoingia, kabla ya kwenda kukaa kwenye lindo lake la getini, aliupaka mafuta ya kondoo kwa ukarimu, ukizunguka hivyo hivyo.

Asubuhi feni namba tatu ilikuwa kimya. Mota inazunguka peke yake, mkanda haupo. Chini palikuwa na vipande vitatu vya waya vilivyotafunwa, na nyayo. Metui aliinama, akazikagua bila haraka.

"Fisi," alisema. "Mkubwa. Uliteleza ukaanguka, akala." Akainuka. "Mafuta nilipaka mimi."

Stumai alikasirika mpaka akakaa chini. Metui, kwa aibu, akamshauri aandike (a), umeme, nani atajua? Stumai alishika kalamu muda mrefu. Alitaka sana kuandika umeme. Lakini alitaka kuwa fundi, na fundi anayedanganya kuhusu feni yake aliona hana tofauti na yule wa Arusha aliyekataa miwani. Akaandika: (d) Mkanda umeliwa na fisi.

Fredrick aliisoma mara tatu.

"Nikipeleka hii Arusha, mwenye shamba atauliza nimekunywa nini."

"Ndivyo ilivyokuwa, meneja."

"Basi wewe Jumatatu shambani. Na hii sitaisaini bila karatasi ya serikali."

Akamwita Edson, afisa wa wanyamapori, kijana mpole mwenye fomu moja tu ya uharibifu wa wanyama. Ilikuwa na sehemu tatu: mazao, mifugo, binadamu. Edson alifikiri.

"Huo mkanda ulikuwa wa nini?"

"Ng'ombe," alisema Metui. "Dume. Mweusi, ana baka tumboni."

Edson akaandika: ng'ombe, dume, mmoja. "Aliposhambuliwa alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa ametoka kuzunguka," alisema Stumai.

Akaandika na hilo, na mahali: ghalani, kwenye mashine ya feni. Kisha akampa Fredrick kalamu. "Hapa meneja unajaza mwenyewe. Jina la mwangalizi wa mnyama na kazi yake, halafu mhuri."

Fredrick akaandika Stumai Omari, akaanza, "Kibarua, kung'oa vi..."

"Ngoja," alisema Edson. "Kibarua wa vitunguu alikuwa anatafuta nini kwenye mashine? Hapo watairudisha."

Fredrick alitazama fomu. Alitazama feni namba tatu. Bila karatasi ile, mwenye shamba angemuuliza yeye kuhusu mikanda ya mashine ya kusaga. Alikata maneno yale kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: Fundi wa feni. Akagonga mhuri mara mbili, kwa mazoea.

Stumai aliomba nakala. Fomu ilikuwa na karatasi ya kaboni, Edson akachana ya chini akampa. Aliisoma palepale amesimama, jina lake, kazi yake, mhuri, akarudia tena kutoka juu, na machozi yakamtoka bila yeye kuyazuia.

Edson alivua kofia.

"Pole sana, mama," alisema. "Utapata ng'ombe mwingine."