Viti vya Mheshimiwa

Kapteni Sabiri alitakiwa kutoa jibu Ijumaa, na jibu lenyewe lilikuwa limemkwama kooni kama mwiba wa sato. Kampuni moja ya ndege za mizigo ya huko Ghuba ilikuwa inamtaka: ndege kubwa, safari za mbali, leo Hong Kong, kesho Ulaya, kurudi nyumbani kwa nadra. Watani zake walikwishamcheka. Babu wa babu yake alibeba meno ya tembo kichwani kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, na sasa mjukuu anarudia upagazi, tofauti ni tai shingoni tu.

Utani huo haukumsumbua. Kilichomzuia ni mama yake, Bi Mwanamkuu wa Gongoni, hapo Tabora. Sabiri ndiye mwanawe wa pekee, na mama alikwishamwambia bila kupepesa macho, "Siku yangu ikifika, uwe wewe wa kuingia kaburini kunipokea. Sitaki kupokewa na mtu baki." Kwa ndege ya pangaboi ya shirika dogo, aliyoirusha kati ya Dar na Tabora, Sabiri hakuwa mbali na nyumbani hata siku moja. Akienda Hong Kong, mama angezikwa yeye bado yuko angani, kwa sababu watu wa Gongoni hawalazi maiti kwa kumsubiri mtu.

Wiki hiyohiyo akafariki Mzee Sadiki, mshona kofia, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Alifia Dar alikopelekwa kutibiwa. Jumatano asubuhi binti yake, Anifa, akapanda ndege ya Sabiri ili amrudishe baba nyumbani. Sabiri alimpa pole mlangoni, kisha akamwita mpakiaji mizigo.

"Jeneza limo?"

"Limo, kapteni."

Akamgeukia Anifa. "Tunaye, dada. Tutawahi kumzika baada ya adhuhuri, inshallah."

Tabora, wanaume wa Gongoni walikuwa wakisubiri nje ya uwanja na gari. Kaburi lilikuwa tayari. Mlango wa mizigo ukafunguliwa, vikaanza kutoka viti. Viti vya harusi vilivyopakwa rangi ya dhahabu, mapazia, maua ya plastiki, mali ya mheshimiwa mmoja aliyekuwa akimwozesha binti yake Jumamosi. Anifa alisimama pembeni na kanga yake mkononi mpaka kiti cha mwisho kikashushwa. Ndipo akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba yuko wapi?"

Sabiri alimpigia simu meneja kule Dar. Yule bwana alikuwa anatafuna.

"Aa, kapteni, usipandishe presha. Mzigo wa mheshimiwa ulikuwa na haraka. Maiti ana haraka gani? Si atakuja kesho!"

Kinyaa kilimshika Sabiri, akakata simu. Alikuwa amemeza mengi katika shirika lile: abiria kuchomwa na jua ndani ya ndege wakimsubiri mkubwa ambaye bado yuko kitandani, kiti chenye matapishi kufunikwa blanketi na kuuzwa hivyohivyo. Alidhani amezoea, kumbe alikuwa ameziba pua tu. Kule makaburini wachimbaji walilaza gogo la mgomba ndani ya kaburi, kwa sababu kwao kaburi lililochimbwa halilali tupu.

Kesho yake asubuhi, kule Dar, Sabiri alisimama mwenyewe chini ya ndege kulisubiri jeneza. Lilikuwa limelala kwenye banda la mizigo katikati ya magunia ya dagaa, na joto la Dar mnalijua. Harufu ilitangulia kufika. Mpakiaji, yuleyule wa "limo, kapteni", aliziba pua akacheka. Ptu! Na marehemu ndiye yule mzee ambaye kila Ijumaa ulijua kapita kwa harufu ya udi.

Mzee Sadiki hakuwa na mtoto wa kiume. Walipofika Gongoni, mgomba ukatolewa, Sabiri akaingia kaburini na shati lake jeupe la kazi, akampokea. Waliokuwa juu walimshusha haraka haraka, nyuso wamegeuza pembeni. Ndege ilikuwa inamngoja uwanjani. Meneja alipiga simu mara nyingi, na Sabiri hakupokea. Kama inaweza kumngoja mheshimiwa aliyelala, na imngoje mshona kofia.

Alipita nyumbani kumwona mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wale watu wa mizigo umekwishawajibu?"

"Bado. Nilitaka kuwaambia siendi. Wewe ulisema..."

"Najua nilichosema." Bi Mwanamkuu alimtazama shati lile, udongo na yale mengine. "Nilikuwa nadhani mtu akiwa karibu ndiyo amefika. Sadiki alikuwa kwenye ndege yako, Sabiri, na hakufika. Nenda kabebe hiyo mizigo yao. Huko wakipokea mzigo, wanaufikisha."

"Na siku yako je, mama?"

"Mimi nikiugua, mtu asinipandishe ndege. Nitafia hapahapa, nibebwe mabegani. Na wa kunipokea hatakosekana. Sadiki leo si kapokewa na mtu baki?"

Sabiri alivua lile shati, akalichomea uani pamoja na nembo yake ya shirika. Ijumaa asubuhi akawajibu wale wa Ghuba kwamba anakwenda.