Kanga Imo Sandukuni

Kwenye foleni ya duka moja hapa Doha, mama wa Kijapani alikataa mfuko. Alitandaza kitambaa, akapanga machungwa katikati, akafunga ncha zake na kuondoka. Mbele yangu, dada wa Kizanzibari anayefanya kazi za ndani alimtazama mpaka mlangoni.

"Mamangu akinifungia maandazi namna hii hii, kwa kanga," akasema.

Nikamwambia tunawasifu Wajapani kwa kutunza mazingira, kumbe somo lilikuwa kwetu jikoni. "Basi nawe dada, tumia kanga."

"Ninayo, kaka, imo sandukuni. Nikiitia vitunguu, harufu ya nyumbani iliyomo itapotea."

Somo langu la mazingira likaishia hapo. Akaomba mfuko, nami nikamshikia mdomo wa mfuko atie vitunguu.