Kioo cha Kushoto

Mjomba wangu si mtu wa gemu, ni mtu wa lori. Kwa hiyo siku alipoegemea meza yangu ya ufundi na kusema anataka kadi ya picha yenye nguvu kuliko ile niliyomfungia, nilidhani ananitania, maana kututania ndiyo kazi aliyobaki nayo tangu aache usukani.

"Ile ina kasoro gani?" nilimuuliza.

"Kioo cha kushoto kinapotea."

"Kinapotea vipi?"

"Kinapotea, mpwa wangu. Kipo, halafu hakipo. Wewe ndiye fundi."

Meza yangu iko kwenye kona ya duka la vifaa vya umeme. Nafufua simu zilizodumbukia kwenye ndoo na kompyuta zilizomwagiwa chai, lakini wacheza gemu ndio wanaoniweka mjini, na ndio wanaonipandisha presha. Kila mmoja amesikia mahali kwamba kadi fulani ndiyo kadi, halafu ananiletea kompyuta ambayo pawasaplai yake, kile kisanduku cha kugawa umeme, haiwezi kuzungusha hata feni za kadi hiyo. Nikimuuliza ana skrini ngapi na meza yake ina upana gani, ananuna. Anataka tuongelee taa za rangi.

Mjomba hakuwahi kuuliza habari za taa. Alichojali ni vioo vya pembeni tu, na hapo alikuwa amegusa penyewe. Kadi ya picha ndiyo inayochora kila unachokiona kwenye skrini. Katika gemu ya malori inabidi ichore barabara iliyo mbele, kisha ichore na yaliyo nyuma, mara mbili, kioo cha kushoto na cha kulia. Kadi dhaifu ikizidiwa huvinyima vioo kwanza: huvichora kwa uvivu, vikiwa na ukungu, vikiwa vimechelewa. Mjomba alikuwa na skrini tatu. Nikaamini papo hapo kwamba kosa ni langu, nimempa kadi ya kuungaunga.

Sasa niseme kwa nini mtu mzima aliyestaafu lori la kweli alihangaikia kioo cha lori la kuchora.

Kwa miaka mingi alisafiri na utingo mmoja, msaidizi wake, mtu aliyemzidi umri, ambaye kila mtu alimwita Mluzi. Lori likirudi rivasi utingo hushuka, husimama nyuma upande wa kushoto, na kumwongoza dereva. Wengine hupunga mikono na kufoka. Huyu alipiga mluzi kwa midomo. Mluzi ukiendelea, rudi, ukikatika, simama. Siku moja kwenye uwanja wa ghala lori jingine lilikuwa linapiga honi bila kupumzika, na mluzi ulipokatika Mjomba hakujua kwamba umekatika. Utingo wake alibanwa kati ya trela na ukuta. Waliochunguza walisema ni ajali, wakaenda zao. Mjomba alirudisha funguo za lori siku hiyohiyo.

Binti wa marehemu alikuwa anaolewa. Alikwenda mwenyewe kwa Mjomba, akakaa kwenye kochi, akamwomba siku ya harusi asimame mahali pa baba yake. Mjomba hakusema ndiyo wala hapana, aliomba apewe muda. Sababu alinieleza mimi peke yangu.

"Nakumbuka honi," alisema. "Nakumbuka gia ilivyoingia. Kioo sikikumbuki. Nilikitazama au sikukitazama? Nikisimama pale na huku sijui, nitakuwa namdanganya mtoto wa watu."

Ndiyo maana ya gemu. Mjomba hakuwa anacheza. Alitaka kurudi rivasi, tena na tena, mpaka shingo yake iseme ukweli yenyewe. Ikigeuka bila kuambiwa, basi na siku ile iligeuka. Nilimwambia huo ni wazimu, na nilikuwa nimekasirika kweli, kwa sababu nampenda. Akaniambia nichague kadi.

Niliipeleka Jumamosi, baada ya chakula cha mchana. Kesho yake binti alikuwa anakuja kuchukua jibu.

Mkaza mjomba alinipokea jikoni akiwa na sahani ya mumewe mkononi. Upande wa kulia ulikuwa mweupe, umefutwa. Upande wa kushoto chakula kilikuwa hakijaguswa.

"Muone mjomba wako," alisema. "Miaka yote anakula nusu, hiyo nyingine namalizia mimi. Ndiyo maana mimi nina mwili na yeye amebaki mifupa."

Nikacheka, nikapita.

Chumba chenyewe zamani kilikuwa stoo. Mapazia yalikuwa yamefungwa ili jua lisipige kwenye skrini, na joto la mchana lilikuwa limetulia humo pamoja na harufu ya vumbi. Katikati kulikuwa na kiti cha dereva kilichong'olewa kwenye lori kuukuu na kupigiliwa juu ya mbao, mbele yake usukani wa gemu na pedali. Skrini ya kati na ya kulia zilikaa kawaida. Ya kushoto aliisukuma mpaka mwisho wa meza, mbali, kiasi kwamba lazima ageuze shingo yote ili aione. Tulishagombana juu ya hilo. Watu wote hukutanisha skrini zao, kingo kwa kingo. Yeye alinijibu kwamba lori halina kioo puani.

Nilitoa kadi ya zamani, nikapachika mpya, nikaunganisha nyaya za skrini. Spika sikuziunganisha, waya wake nilikuwa nao bado kwenye begi. Mjomba aliketi, akafungua uwanja wa ghala, akaingiza gia ya nyuma.

"Kaa hapo mbele yangu," alisema. "Usitazame picha, nitazame mimi."

Nikavuta stuli. Lori likaanza kurudi, na mimi nikamkodolea macho mjomba wangu. Hapo ndipo niliposikia mluzi.

Haukuwa wimbo. Ulikuwa mluzi mfupimfupi wa kazi, wenye subira, kama wa mtu anayemwita mwenzake aje taratibu. Nilitazama midomo ya Mjomba. Ilikuwa imefumbwa. Nikainuka nikaenda jikoni.

"Ni wewe unayepiga mluzi?"

"Mimi?" alisema mkaza mjomba. "Kwa meno haya?"

Niliporudi mluzi ulikuwa umenyamaza, kwa sababu lori lilikuwa limesimama. Mjomba alinitazama.

"Na wewe umeusikia," alisema. "Huwa unakuja nikirudi rivasi. Nilidhani ni wa gemu."

"Gemu hii haina mluzi, Mjomba. Na spika hazijaunganishwa."

Alijifuta mikono kwenye suruali. "Basi tuendelee," alisema.

Tukaendelea. Sijui kwa nini sikukimbia. Nadhani ni kwa sababu ulikuwa mchana na mke wake alikuwa anasuuza vyombo mita chache kutoka pale. Lori likarudi, mluzi ukaanza, shingo ya Mjomba ikageuka kushoto yote.

"Hicho," alisema. "Kinapotea tena. Hii kadi yako nayo ni walewale."

Nilisahau kwamba amenikataza, nikageuka nikaitazama skrini ya kushoto. Kioo kilikuwa kizima, kimechorwa vizuri kuliko nilivyowahi kukiona. Nusu ya ndani ilionyesha ubavu wa trela. Nusu ya nje ilionyesha uwanja, ukuta, na mwanamume amesimama mbele ya ukuta. Shati lake lilikuwa la mikono mirefu, limekunjwa mpaka kwenye kiwiko mkono mmoja tu. Hakuwa anapunga. Alikuwa anatazama trela likija.

Gemu ile nimewafungia nusu ya vijana wa mtaani kwetu. Kwenye viwanja vyake vya mizigo hakuna watu.

"Mjomba, kuna mtu kwenye kioo."

"Wapi?"

"Hapo unapotazama."

"Naona trela," alisema, na macho yake yalikuwa kwenye kioo kilekile. "Baada ya trela sioni kitu."

Mimi nikiogopa huwa nashika bisibisi. Nilizima kila kitu, nikaing'oa skrini ya kushoto nikaipeleka kulia, na ya kulia nikaileta kushoto. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha tundu kwenye kadi. Katika kazi yetu hiyo ndiyo njia: kosa likihama pamoja na kifaa, kifaa ndicho kibovu. Kosa likibaki palepale, kifaa hakina hatia. Skrubu moja ilidondoka chini ya meza, nikaiacha.

Nikawasha, Mjomba akaufungua tena ule uwanja na kuanza kurudi rivasi. Skrini aliyoilaumu sasa ilikuwa kulia, na Mjomba akasema ni nzuri, inang'aa. Ile nzuri ilikuwa kushoto, na alipogeuza shingo akasema hiyo nayo imeharibika. Kosa lilikuwa limebaki palepale. Na kwenye kioo yule mtu naye alikuwa palepale, ila amekaribia.

Nilimwita mkaza mjomba. Alikuja na povu mikononi, akaniuliza kuna nini, nikamwonyesha skrini. Alitazama. Akashika ukingo wa meza.

"Mwambie asimame," aliniambia kwa sauti ndogo. "Lile shati nilimshonea mimi kifungo. Mwambie asimamishe gari."

"Nani?" Mjomba aliuliza. "Mnamwona nani?" Alikuwa amegeuka wote, anakikazia kioo macho mpaka mishipa ya shingo imemtoka, na lori linazidi kurudi, na mluzi unaendelea, karibu sana sasa, kama unatoka kwenye pazia. Kisha ukakatika.

Mjomba alikanyaga breki.

Chumba kikawa kimya, feni za kompyuta tu. Kwenye kioo uwanja ulikuwa mtupu. Lori lilikuwa limesimama kabla ya kufika ukutani, na pengo lililobaki lilikuwa la kumtosha mtu kusimama.

Nilipiga magoti mbele ya kiti chake. Sikuwa nafikiria mizimu tena. Nilikuwa nafikiria ile sahani.

"Tazama pua yangu, Mjomba. Usiondoe macho." Niliinua mkono upande wake wa kulia. "Vidole vingapi?"

"Vitatu. Unanipima ulevi?"

Nikainua mkono mwingine, upande wake wa kushoto, nikachezesha vidole vyote karibu na sikio lake.

"Na huku?"

"Huku wapi?"

Mkaza mjomba alijifuta povu kwenye kanga, polepole, kidole kimoja kimoja. Sikutaka kusema, lakini aliniweka pale ili nimwambie ukweli.

"Ulitazama, Mjomba. Shingo yako iligeuka yote, kila mara, bila kujiambia. Ulitazama na siku ile, naapa. Lakini nusu huioni. Unaona ubavu wa trela, ya nje huioni. Sijui ni tangu lini. Si kadi."

Mjomba aliinua mkono wake wa kushoto, akausogeza taratibu mbele ya uso wake kutoka pembeni, akausubiri utokee. Alipouona aliushusha. Nililia, na sikujificha.

"Marehemu alipoanza kazi kwangu," alisema mwishowe, "alikuwa anapunga mkono kama utingo wote. Tulikaa hivyo miaka. Halafu siku moja alinipungia nisimame, nikaendelea kurudi, akapiga trela kofi. Nilishuka nikamfokea kwamba hakunipungia. Akanitazama tu. Kesho yake akaanza mluzi." Alishika usukani wa gemu kwa mikono miwili. "Nilimcheka. Jina la Mluzi nilimpa mimi."

"Hakukuambia kitu?" mkewe aliuliza.

"Angesema, ningenyang'anywa leseni."

Mkaza mjomba alitoka, akarudi na ile sahani. Aliizungusha, upande uliojaa ukawa kulia, akaiweka juu ya meza. Mjomba alikitazama chakula kama mtu aliyeletewa cha jirani, kisha akala. Alimaliza chote.

Ndipo akaniomba simu. Nilimtafutia namba, nikaiweka kwenye sikio lake la kulia.

"Mwanangu," alisema, "kesho njoo mapema. Kuna jambo la baba yako nataka nikueleze, na langu pia, na langu ni baya. Ukishalisikia, ndipo uamue kama bado unataka nisimame nawe." Alisikiliza. Binti alikuwa anasema mengi, nilisikia sauti yake bila maneno. Mjomba alifumba macho.

"Haya. Kama ni hivyo, usimame kulia kwangu," alisema. "Hapana, usije upande huu mwingine. Kushoto paache, kuna mtu."