Chumba cha Majarida Kilichofichwa Jua

Mwaka 2011, masika yakiwa yamekolea na mimi nikiwa na umri wa miaka arobaini na sita, niliripoti kazini katika maktaba ya Busawe. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 4 Aprili. Nilikuwa mjane mwenye cheti cha kidato cha nne nilichokipata ukubwani, na sikuona haya kukibeba mkononi.

Mkutubi, bwana wa makamo kutoka Kagera, alinifungulia kabati la majarida ya miaka ya hamsini na sitini. Ndani yake walikuwamo wapiga magitaa wenye tai nyembamba, mabondia, wanawake waliochana nywele zikasimama kama kichuguu, matangazo ya sabuni na redio, na picha ndogondogo za vijana waliotafuta marafiki wa kalamu.

"Mama Robi," aliniambia, "ogopa jua kuliko mchwa. Mchwa utamwona. Jua linakula rangi kimya kimya."

Tuling'oa pini zilizoshika kutu, kisha tukashona upya kila jarida katikati, pale kurasa zinapokunjwa, kwa uzi uliopakwa nta. Gundi tuliipika kwa unga wa ngano na kuitia karafuu, mende wasiikaribie. Dirishani palining'inia pazia jeusi, zito, mchana kutwa.

Mwaka 2016 kabati lilihamishiwa chumba cha maktaba kijijini Nyamwaga, nami nikalifuata. Mkuu wangu mpya, katibu wa kamati ya maktaba, hakuipenda harufu ya karafuu. "Endelea hivyo hivyo, mama," alisema akiwa mlangoni, kisha akaondoka. Nikawa nafanya kazi peke yangu gizani.

Agosti 2019 jirani yangu, Mama Ghati, alichungulia kwenye upenyo wa pazia. Nilikuwa nashona jarida ambalo kurasa zake za kati zilikuwa na mwanamke mwenye gauni jekundu, akicheza twisti. Mkunjo ulipita kiunoni mwake. Sindano nayo ikapita hapohapo. Wiki ileile Bhoke, mkamwana wa Mama Ghati, alishikwa na maumivu ya kiuno hata akashindwa kuinuka.

Ikavuma kwamba nimemroga, salamu zikakatika. Watoto waliozoea kuniamkia shikamoo wakawa wananikimbia. Jioni mawe yalianguka juu ya bati langu. Nilimkumbuka bibi mmoja wa kijiji cha jirani, ambaye nyumba yake ilichomwa kwa maneno mepesi kuliko hayo. Nikawa nalala nimevaa viatu.

Nimestaafu tangu mwaka 2025. Vijana wanaojifunza kujalidi huniuliza kama kazi hii ina hatari. Huwaambia wavute uzi taratibu, na wawakaribishe majirani watazame. Mimi sikuwakaribisha, nilidhani cheti changu kinatosha kunieleza kwa watu.

Jumamosi, tarehe 14 Septemba 2019, niliitwa mbele ya ritongo, baraza la wazee linaloamua mashauri hadharani. Jarida lile lilikuwa kwapani mwangu.

"Nimemwona kwa macho yangu, wazee," alisema Mama Ghati. "Anamtoboa mwanamke kiuno huku ananong'ona!"

"Nilikuwa nahesabu matundu," nikajibu.

"Sikieni msomi wa uzeeni! Matundu ya nani?"

Watu wakacheka, lakini si kicheko cha kunifariji. Nilieleza habari za pini, nta na rangi. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo nyuso zilivyozidi kukunjamana.

"Na giza je?" akauliza kijana mmoja. "Mtu mwema analikimbia jua?"

Mwenyekiti alinyoosha fimbo. "Mama Robi, baraza halijaona kosa lako. Lakini watu hawalali. Pazia litoke leo, mlango uwe wazi, na ukishona ushone mbele za watu. Unakubali?"

Nilijua jua lingeyafanyia nini majarida yale. Nilijua pia mawe yale yangefuatwa na nini.

"Nakubali, mzee."

Uamuzi ukaandikwa. Nikatia saini, si dole gumba.

Umati ulinifuata hadi chumba cha majarida. Nilipanda kiti, nikalishusha pazia kwa mikono yangu, kisha nikalifungua jarida mezani. Hakuna aliyethubutu kuvuka kizingiti, hadi Bhoke alipopenya katikati ya watu, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika ukuta. Alimwinamia yule mwanamke wa gauni jekundu, akamtazama kwa muda mrefu.

"Mama," akasema, "hili gauni walishonaje hapa mabegani?"

Nikamwonyesha. Jua lilikuwa limekwisha kuufikia ukurasa.