Liki za Wifi

Wifi yangu alimmwagia ndama liki zangu mbele ya wageni, na kwa miaka kumi na moja sikumsamehe. Nilikuwa nimeolewa Endasak miezi mitatu tu, nikitokea Masieda, ambako nilijifunza mapishi kwenye jiko la masista. Liki ni kitunguu kirefu kisichofunga kichwa. Pale Endasak watu walizilima wakauze, hawakuzila. Nilizichemsha, nikazitia bakulini zikiwa zimelegea hivyo hivyo. Wifi akachungulia, akasema haya ni majani ya ndama, akatoka nayo uani. Ndama akala yote. Wageni walicheka mpaka machozi, na kuanzia siku hiyo nikaitwa Mama Ndama. Hata watoto waliniamkia hivyo: shikamoo Mama Ndama.

Kosa langu nalijua. Niliwapelekea watu chakula bila kukipamba. Basi nikajifunza kupamba, kwa hasira, mpaka watu wa harusi wakawa wananifuata nyumbani.

Mwaka jana mtoto wa wifi alikuwa anapata kipaimara. Wifi aliona picha ya sahani yangu kwenye simu ya jirani, akaja mwenyewe, amejifunga kitenge cha kanisani. Aliniomba nimfundishe, kwa kuwa padri atakuwepo na wakwe pia.

Nilimfundisha vizuri, nisisingiziwe. Kata shina urefu wa kiganja. Chemsha mpaka kisu kiingie, kisha tumbukiza kwenye maji baridi ili kijani kisififie. Jani moja refu lipitishe kwenye maji moto, ulitumie kama kamba, ufunge mashina manne manne. Vichwa vyeupe vielekee upande mmoja. Kiini cha yai lililochemshwa kisugue kwenye chujio la chai, kianguke juu kama unga wa njano. Ganda la nyanya, limenywe bila kukatika, unalikunja linakuwa waridi.

Ila liki hupandishiwa udongo shinani ili ziwe nyeupe, na udongo wetu mweusi hujificha ndani, kati ya tabaka na tabaka. Usipochana shina kutoka juu na kulisuuza mara tatu, unapika shamba. Hilo sikumwambia. Za kufundishia nilikuja nazo zimeshaoshwa.

Siku yenyewe sahani ilitoka, watu wakatoa simu kupiga picha. Nilikaa nyuma kabisa nikisubiri, moyo umetulia. Nilitaka kumwona akiaibika kama nilivyoaibika mimi. Wifi akampita padri, akawapita wakwe, akaja mpaka nilipokaa.

“Wifi, chakula chako nilimpa ndama,” alisema, watu wote wakisikia. “Nilikukosea. Leo uanze wewe.”

Akanichagulia fungu zuri kuliko yote, lenye lile waridi la nyanya. Nikang'ata. Mchanga ukasaga kwenye meno yangu mpaka nikausikia masikioni. Alisimama pale pale na sahani mkononi, akinitazama usoni kama mtoto aliyeleta daftari lisahihishwe.

Ningeweza kusema. Ningeweza hata kujifanya nimejikwaa, nikaimwaga ile sahani yote chini, aibu ikawa yangu. Niliyafikiria yote hayo nikiwa natafuna, na nilitafuna polepole.

“Ni tamu, wifi,” nikamwambia.

Akanishukuru, akageuka, akampelekea padri.